Ukumbi wa kanisa usioruhusu mkaa: maoni ya mpishi wa shughuli, Dodoma

Pilau inawezekana bila mkaa. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kupikia kwenye ukumbi wa parokia moja hapa mjini, ule uliobandika tangazo getini kwamba mkaa na kuni haviingii. Jina la ukumbi naliacha. Anayetaka kukodi aulizie tu ukumbi wenye katazo hilo, ataonyeshwa.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Napika harusi, kipaimara, maulidi, arobaini, mahafali, na tangu Serikali ihamie huku napika na semina za watu wa wizara, ambao wanakula kidogo na kulipa kwa kuchelewa. Ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Wasioishi huku hushangaa Mwislamu kupika kipaimara. Huku ni jambo la kawaida: mwenye shughuli akitaka wageni wake wote wale bila kuulizana, ng'ombe anachinjwa na Mwislamu, na mara nyingi mpishi naye anatafutwa huko huko.

Jiko lenyewe ni banda refu nyuma ya ukumbi, sakafu ya saruji, paa la bati, kuta zimeishia kiunoni. Kuna majiko manne ya gesi ya chini, yale makubwa ya kuchomelewa na mafundi, yameunganishwa kwa bomba na mitungi iliyofungiwa nje kwenye kizimba cha nondo. Pembeni kuna majiko mawili banifu, yale yanayobana moto usipotee, ya matofali yenye bomba la kutolea moshi. Na kuna sufuria mbili za presha za umeme, ambazo nilizidharau nilipoziona. Kukodi jiko bila ukumbi ni shilingi 100,000 kwa siku. Unaingia alfajiri, unatoka saa nne usiku, na sista msimamizi hana mjadala kwenye hiyo saa nne.

Gesi inalipiwa kivyake, na hapa ndipo waliponipendeza. Asubuhi mtungi unapimwa kwenye mizani mbele yako, usiku unapimwa tena, unalipia kilo ulizotumia. Hakuna kukadiriana. Nimefanya kazi kwenye kumbi za watu binafsi ambako unatozwa mtungi mzima hata kama ulichemsha chai tu. Sista anaandika kwenye daftari, unasaini, kwisha. Kwa harusi ya watu mia mbili gharama yangu ya moto ilikaribiana na ya mkaa, na muda wa kupika ukapungua, maana hakuna kukaa unapepea. Kwa shughuli kubwa zaidi gesi inapanda, kwa sababu nitakayoieleza.

Pilau ya sufuria kubwa, kilo ishirini za mchele, ina hatua mbili. Ya kwanza ni ya kukaanga na kuchemsha: vitunguu mpaka viwe kahawia iliyokolea, viungo, nyama, supu, mchele. Hapo gesi inaushinda mkaa kwa mbali, kwa sababu moto unautii mkono wako. Vitunguu vikitaka kuungua unazungusha koki, wakati kwenye mkaa ungeita vijana wawili wakusaidie kuishusha sufuria. Hatua ya pili ndiyo yenye kesi. Supu ikishakauka, moto wa chini unapunguzwa, makaa yanapandishwa juu ya mfuniko, pilau inamalizikia katikati ya mioto miwili. Gesi haina moto wa juu. Pia moto wake hata ukiupunguza unagonga sehemu moja ya kitako, kwa hiyo unaweza kupata ukoko mweusi katikati na mchele wenye kiini pembeni.

Ninachofanya sasa ni hivi. Natanguliza bati nene la chuma kati ya moto na sufuria, ili joto lisambae. Nafunika mchele kwa karatasi ya foili, nazibia pembeni, halafu mfuniko, halafu juu ya mfuniko naweka sufuria yenye maji yanayotokota, nayabadilisha yakipoa. Ile sufuria inatoa joto kwa juu, na uzito wake unazuia mvuke kutoka. Pilau inachambuka vizuri. Harufu ya moshi haipo, na mgeni wa Kipemba (mume wangu, nimtaje tu) analitambua hilo kwa kijiko cha kwanza. Wengine wote wanasifia. Lakini haya maji ya kubadilisha nayo yanachemshwa kwa gesi, ndiyo maana nimesema shughuli kubwa zinapandisha gharama. Sufuria tatu za pilau zikienda kwa pamoja, majiko manne hayatoshi.

Kasoro kubwa kuliko pilau ni upepo. Aliyejenga lile banda nadhani hakuwahi kukaa Dodoma mwezi wa saba. Kuta za kiunoni zinapitisha upepo wa kipupwe moja kwa moja, ndimi za moto zinalala upande, na mara mbili tatu kwa siku jiko linazimika lenyewe huku gesi inatoka. Hilo ni hatari. Mimi nabeba mabati yangu ya kukinga, na kila ninapokwenda namwambia sista wajenge ukuta wa upande wa mashariki. Anasema limefikishwa kwenye halmashauri ya parokia. Na mimi naendelea kubeba mabati.

Sufuria za presha nilizozidharau naomba radhi hadharani. Maharage ya kilo kadhaa yanaiva huku unamenya viazi, na sista alinionyesha kwenye mita kwamba kilo moja ya maharage haimalizi hata uniti moja ya umeme. Maharage ndiyo yalikuwa yanakula mkaa wangu kuliko nyama. Kuhusu yale majiko ya matofali, wanayawasha kwa vidonge vya mkaa mbadala, aina ile inayotengenezwa kwa makaa ya mawe. Moto wake unadumu. Ila nina swali langu dogo kwa wakubwa: STAMICO, shirika la Serikali, linatengeneza mkaa wa makaa ya mawe, na tunaambiwa huo ni mbadala mzuri. Kwa miti, sawa, inapona. Kwa hewa, sijaelewa.

Sasa mtu atasema umekuja kutuambia habari za jiko au za siasa. Vyote viwili, kwa sababu katazo la getini halikuanzia kanisani. Novemba 2022 kulikuwa na mjadala wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, kisha likaja agizo kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mkakati wa miaka kumi unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Nilisikia yote hayo redioni nikiwa nachambua mchele. Yakapita. Agizo likitoka ofisi za Serikali kule Mtumba, mimi nyuma ya turubai na mafiga yangu nani atanifuata? Afisa wa mazingira haji kwenye harusi kukagua, akija anakuja kula. Lakini mwenye ukumbi akisema getini gunia halishuki, halishuki. Dereva wa bodaboda aliniletea mkaa siku ya kwanza akarudishwa nao, na mlinzi hata sauti hakupandisha.

Watu wakizungumzia dini na sera za mazingira wanafikiria matamko. Matamko yapo. Ndani ya ukumbi vijana wametundika bango la waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, ule wa kuitunza nyumba yetu ya pamoja. Mwaka huo huo, mwezi wa nane, wanazuoni wa Kiislamu walikutana Istanbul wakatoa tamko lao kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Na viongozi wa dini hapa nchini wanajua kukaa meza moja wakiamua: mwaka 2008 BAKWATA ya Waislamu, CCT ya makanisa ya Kiprotestanti na TEC ya maaskofu Wakatoliki walitoa kwa pamoja ripoti kuhusu dhahabu na jinsi nchi isivyofaidika nayo, mwaka uleule Kamati ya Jaji Bomani, iliyoundwa na Rais kuipitia sekta ya madini, nayo ikatoa yake, na mwaka 2010 Bunge likapitisha hapa hapa Dodoma sheria mpya ya madini iliyopandisha mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya mchimbaji kwa Serikali, kutoka asilimia 3 hadi 4. Sisemi ni kazi ya mashekhe na maaskofu peke yao. Ila sauti yao ilikuwemo.

Nguvu yao kubwa, kwa macho ya mpishi, iko kwenye funguo. Hesabu mahali ambapo watu zaidi ya mia wanakula kwa pamoja: shule za bweni, hospitali, seminari, kumbi, vyuo. Nyingi ni za kanisa, na za misikiti zipo. Tena kalenda ni yao. Harusi zote, maziko yote, futari zote zinapita mikononi mwao. Wizara ikiandika sera bila hao, inawaandikia wasiokuwepo.

Nilimwambia sista hivyo. Akacheka, akasema, "Mama, hata sisi tuliandikiwa. Ilibidi tuuze ng'ombe kununua hii mitungi."

Hapo ndipo nilipomwelewa, kwa sababu habari za ng'ombe na mazingira nimezikuta nyumbani. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa ajili ya makorongo yaliyokuwa yanakula mashamba ya huku, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye vilima vya Kondoa Irangi. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, makumi ya maelfu. Vilima vikarudi kijani, hilo halina ubishi, nenda ukaone. Lakini mama yangu akisimulia HADO hasimulii vilima. Anasimulia maziwa. Nyumba iliyozoea kibuyu cha mtindi kila siku ikabaki bila maziwa, mpaka baadaye sana iliporuhusiwa kufugia ndani. Ndiyo maana kila katazo la mazingira mimi huliuliza swali la mama: atakayekosa maziwa ni nani?

Kwenye mkaa, wanaokosa wanajulikana. Ni mchomaji wa Chamwino au Manyoni ambaye mvua ikigoma hana zao lingine. Ni mama anayepima kwa makopo pale mtaani Chang'ombe. Na mimi, kwa sehemu. Ukumbi huu umejibu sehemu ndogo ya swali: umeninunulia jiko kabla ya kuninyima mkaa, na unanipimia gesi kwa haki. Haujajibu la mpishi mdogo anayeanza, mwenye sufuria mbili za kuazima. Wanataka amana ya shilingi 50,000 kwa ajili ya uharibifu, na hawafundishi mtu namna ya kutumia yale majiko. Binti mmoja aliyekuwa akinisaidia, sasa anajitegemea, alichukua kazi pale akaunguza wali wa kipaimara cha watu mia na hamsini. Hakuna aliyemwambia habari ya bati la chuma. Parokia yenye katekisimu ya watoto kila Jumamosi inashindwaje kuweka saa mbili za mafunzo ya wapishi? Hili ndilo lawama langu kubwa kwao, kubwa kuliko upepo.

Mume wangu ana hadithi ya kwao Pemba inayoingia hapa. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998. Makatazo ya kuvua kwa baruti yalikuwepo na askari walikuwepo, na baruti zikaendelea kulia. Kilichobadilisha mambo ni masheikh na wataalamu kukaa na wavuvi wakisoma Kurani kuhusu uhalifa, kwamba binadamu ni msimamizi wa kilichoumbwa, si mwenye mali. Mume wangu anasema mvuvi aliyekuwa anamkwepa askari hawezi kumkwepa Mungu. Mimi naongeza kwamba masheikh wale walikwenda kukaa ufukweni na wavuvi. Hawakutuma barua.

Kuna jambo la miti pale ukumbini ambalo sitalipitia mbali. Kila maharusi wanapewa mche wa kupanda uwanjani kabla ya kuingia kula. Wazo si baya. Kule Kilimanjaro Askofu Fredrick Shoo wa KKKT, kanisa la Kilutheri, ameitwa Askofu wa Miti kwa kazi hiyo hiyo. Lakini Kilimanjaro ni Kilimanjaro. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili kama ikikubali, na harusi zinajaa Juni mpaka Septemba. Kwa hiyo bibi harusi anapanda mwarobaini mwezi wa nane, anapigwa picha, anaondoka, na mche unabaki na mbuzi wa jirani. Watoto wa katekisimu wanajitahidi na vidumu vya maji vilivyotobolewa, na miche michache imeshika. Mingine ni vijiti.

Ningekuwa kwenye halmashauri yao ningependekeza kisiki hai. Ukipita njia ya Kongwa unaona mashambani vichaka vimefungwa vitambaa vyekundu: mkulima amechagua kisiki kinachochipua, amepogolea akaacha machipukizi machache yenye nguvu, ameweka alama, analinda. Mizizi iko chini tayari, haitaki kumwagiliwa. Huku imeenezwa na LEAD Foundation ya mkoani kwetu pamoja na Justdiggit ya Uholanzi, lakini asili yake nayo ni ya mtu wa dini: Tony Rinaudo, mmishonari wa Australia, mtaalamu wa kilimo, aliyekuwa Niger miaka ya mwanzo ya 1980. Alipanda miche ikafa kwa miaka, mpaka akagundua kwamba vichaka alivyovidharau vilikuwa miti iliyokatwa, hai chini ya ardhi. Nyuma ya uwanja wa ukumbi kuna eneo lenye visiki vya migunga vinavyochipua kila masika na kufyekwa kila kiangazi na mtu anayelipwa kufyeka. Maharusi wakabidhiwe kisiki kila mmoja, wafunge kitambaa chao, na yule mfyekaji alipwe kulinda.

Nisije nikaonekana nawasema Wakristo peke yao. Msikitini kwetu futari ya pamoja ya Ramadhani bado inapikwa kwa kuni, na mpishi ni mimi. Tunasoma "kuleni na kunyweni wala msifanye israfu", halafu tunachemsha uji kwa magogo. Nilimweleza sheikh wetu habari ya mizani. Akauliza, kwa adabu, mtungi wa kwanza unanunuliwa na nani. Ni swali la haki, na halijajibiwa na mkakati wowote niliousikia. Tumeanza kuchanga. Waumini wanachangia zulia haraka kuliko jiko, hilo nimeligundua.

Mengine ya ukumbi kwa kifupi. Maji yanatoka kwenye tangi la mvua la paa la kanisa. Yakiisha, na kiangazi yanaisha, unaleta ya kwako kwa boza. Meza za kukatia ni imara. Taa ni mbovu upande wa kuoshea vyombo. Mabaki ya chakula yanakusanywa kwa ajili ya nguruwe wa parokia. Niliomba ndoo zangu zisichanganywe na zao, na nilipokuja mara iliyofuata nikakuta ndoo mpya mbili zimeandikwa kwa rangi "mpishi". Sikuwa nimemwambia mtu azinunue.

Kwa shughuli isiyozidi watu mia tatu, kodi bila wasiwasi, ila nenda siku moja kabla ukajaribu moto. Kwa watu mia tano, kodi na jiko la ziada au punguza pilau uongeze wali wa nazi, ambao gesi haiusumbui. Beba bati la chuma, beba mabati ya upepo, simamia mwenyewe mtungi unapopimwa asubuhi, maana ukichelewa anapima mlinzi na unasaini usichokiona. Ukikuta ule ukuta wa mashariki umejengwa, ongeza nyota moja kwenye tatu ninazowapa mimi. Jumamosi za Desemba zimeshajaa.